UZI: Leon Draisaitl, kutoka Köln hadi Edmonton. Njia aliyopita, mikataba, gongo lake na pawaplei

Barafu_Kavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, ukitaja michezo ya Ujerumani watu hukimbilia Bayern na Dortmund. Leo tumjadili Mjerumani anayelipwa dola milioni 14 za Marekani kwa mwaka kwa kucheza hoki ya barafuni huko Kanada: Leon Draisaitl, namba 29 wa Edmonton Oilers.

Kwanza maneno, tusipotezane. Kisahani ni kile kidude cheusi cha mpira mgumu kinachogombewa: unene sm 2.54, kipenyo sm 7.62, uzito gramu 156 hadi 170, na hugandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde. Gongo lina mpini na kibao, yaani ile sehemu bapa ya chini. Pawaplei ni zile dakika mbili ambazo mpinzani ana mtu kwenye kiti cha adhabu, nanyi mnacheza watano kwa wanne. Pointi za mchezaji ni mabao yake pamoja na asisti zake.

Amezaliwa Köln, tarehe 27 Oktoba 1995. Baba yake, Peter Draisaitl, mzaliwa wa Karviná huko Chekoslovakia ya zamani, aliichezea Ujerumani. Wajerumani bado wanamkumbuka Peter kwa penalti ya Olimpiki ya 1992 Albertville, robo fainali dhidi ya Kanada: kisahani kilimpita kipa, kikajiviringisha taratibu, kikalala juu ya mstari wa goli bila kuuvuka. Ujerumani ikatoka.

Leon alilelewa kwenye akademia ya Jungadler Mannheim. Kwenye ligi ya chini ya miaka 16 alipata pointi 192 katika mechi 29. Namba hiyo haielezi ubora wake tu, inaeleza pia tatizo: ligi za vijana za Ujerumani zilikuwa na pengo kubwa mno kati ya akademia mbili tatu na vilabu vingine, na kijana anayeshinda kila wiki kwa mabao kumi hajifunzi kulinda kisahani akiwa amebanwa.

Ndiyo maana mwaka 2012, akiwa na miaka 16, akaingia kwenye uchaguzi wa wageni wa ligi za vijana za Kanada. Prince Albert Raiders wa mkoa wa Saskatchewan walimchukua akiwa wa pili. Msimu wa kwanza wa WHL, mojawapo ya ligi hizo, alipata pointi 58 katika mechi 64. Wa pili pointi 105 katika mechi 64. Juni 2014 Oilers wakamchagua wa tatu kwenye drafti (uchaguzi wa vijana) ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, nyuma ya Aaron Ekblad na Sam Reinhart. Hakuna Mjerumani aliyewahi kuchaguliwa juu kiasi hicho kabla yake.

Karibuni. Nataka tuchambue hasa kipindi cha 2014 hadi 2017, maana hapo ndipo angeweza kupotea.

mstariwabluu

Asante kwa uzi mkuu. Naomba kuongezea kuhusu vipimo vya uwanja, watu hulisahau hili. Uwanja wa NHL una urefu wa mita 60.96 na upana wa mita 25.9. Viwanja vingi vya Ulaya alivyokulia yeye vilikuwa na mita 60 kwa 30. Hizo mita nne za upana ndizo sekunde moja ya ziada ya kufikiri ukiwa pembeni. Mchezaji wa Ulaya amezoea kukimbia nje, kuzunguka, kisha kuangalia. Akifanya hivyo Kanada, beki ameshamfikia na kumbamiza ukutani.

Kinachoharibika kwa vijana wengi ni kwamba wanajaribu kuongeza kasi. Draisaitl hakuwa mwepesi wa miguu kwenye hatua tatu za kwanza, na mpaka leo hiyo si silaha yake. Alichofanya ni kujifunza kumpa beki mgongo: anasukuma makalio kwa mpinzani, mkono mmoja unamzuia, mwingine unashika gongo mbali na mwili. Kwa mtu wa sm 188 na kilo 94 hivi, huo ni ukuta. Msimu wa pointi 105 ulijengwa hapo.

Tanga_Senta

Lakini wadau, Oilers si walimshusha Januari 2015? Pointi 9 katika mechi 37, mabao mawili. Wakamrudisha ligi ya vijana. Hiyo ni adhabu ya kufeli, tusiipambe.

Barafu_Kavu

Mkuu, hapana, na hii ndiyo sehemu ninayotaka tuielewe vizuri kwa sababu ni ya kanuni, haina hasira ndani yake.

Mkataba wa NHL na ligi za vijana za Kanada ulikuwa unasema: kijana aliyechaguliwa kutoka ligi hizo, kama hatakuwa ametimiza miaka 20 ifikapo Desemba 31 ya msimu huo, ana sehemu mbili tu za kucheza. Ama NHL, ama arudi klabu yake ya vijana. Haruhusiwi kupelekwa AHL, ligi ya chini ya watu wazima. Kwa hiyo Oilers hawakuwa na hatua ya katikati. Wangemwacha acheze dakika chache kwenye timu mbovu, au wangemrudisha.

Halafu kuna hesabu mbili. Ukicheza mechi 10 au zaidi za NHL, mwaka wa kwanza wa mkataba wako wa mwanzo, wa miaka mitatu, unahesabika umetumika. Huo waliuchoma, maana alifikisha 37. Ila ukikaa kwenye kikosi mechi 40, unahesabiwa msimu mzima kuelekea uhuru wa kuchagua klabu yoyote. Walimrudisha kabla ya mstari huo. Tarehe haikuwa ya bahati.

Prince Albert walikuwa dhaifu msimu ule, wakauza haki zake kwa Kelowna Rockets. Huko: mechi 32, pointi 53, ubingwa wa WHL, mchezaji bora wa mechi za mtoano. Kwenye Kombe la Memorial, ubingwa wa vijana wa Kanada nzima, Kelowna walifungwa fainali 2-1 na Oshawa kwenye muda wa nyongeza, na bado Draisaitl akapewa tuzo ya mchezaji bora wa mashindano. Mchezaji wa timu iliyoshindwa kupewa ile tuzo si jambo la kila mwaka.

Alipofika miaka 20 Oktoba 2015, alikuwa ameanza msimu AHL na Bakersfield Condors. Mechi sita tu, akaitwa juu, akamaliza na pointi 51 katika mechi 72. Hajawahi kushushwa tena.

Tanga_Senta

Nimekuelewa. Hiyo ya mechi 40 sikuijua.

KalamuYaMkataba

Naingia kwenye pesa, maana hapo watu wanachanganya milioni 8.5 na milioni 14 bila kuangalia ukomo wa mishahara.

Mkataba wa kwanza, wa wachezaji wapya wa ligi, kwa kizazi chake ulikuwa na dari ya dola 925,000 kwa mwaka kabla ya marupurupu. Uliisha 2017. Bahati yake uliisha mara tu baada ya mechi za mtoano ambazo alipata pointi 16 katika mechi 13. Kwenye mchezo wa sita wa mfululizo dhidi ya Anaheim alifunga mabao matatu na kumaliza na pointi tano usiku mmoja. Agosti 2017 akasaini miaka 8 kwa dola milioni 68, sawa na milioni 8.5 kwa mwaka.

Wakati ule ukomo wa mishahara ya timu nzima ulikuwa dola milioni 75. Gawanya: alikuwa anachukua asilimia 11.3 ya bajeti. Waandishi wengi walisema Oilers wamelipa kupita kiasi kwa mtu mwenye msimu mmoja tu mzuri. Miaka mitatu baadaye alikuwa mchezaji bora wa ligi kwa bei hiyo hiyo.

Septemba 2024 akaongeza miaka 8 mingine, dola milioni 112, kuanzia msimu wa 2025–26. Siku aliyosaini ukomo ulikuwa milioni 88, kwa hiyo ni asilimia 15.9. Lakini mkataba ulipoanza kutumika ukomo ulikuwa umefika milioni 95.5, ikawa asilimia 14.7. Ligi ilishatangaza mapema 2025 kwamba msimu unaofuata ungefika milioni 104. Kila mwaka unavyopanda, ile 14 inakuwa nyepesi. Ndiyo sababu klabu hukubali kulipa nyingi mwanzoni kwa mkataba mrefu, na ndiyo sababu wachezaji wengine sasa wanapenda mikataba mifupi.

Kodi nayo isisahaulike. Edmonton iko Alberta: kiwango cha juu cha serikali kuu ni asilimia 33 na cha mkoa asilimia 15, jumla 48 kwa sehemu ya juu ya kipato. Florida hakuna kodi ya jimbo kwenye mshahara. Mchezaji akikubali milioni 14 Edmonton huku angeweza kwenda kusini, ameacha pesa mezani.

Mwanza_29

Swali la kichokozi kidogo lakini nauliza kwa nia njema: bila Connor McDavid, nyota mwenzake wa Oilers, huyu jamaa ana nini?

mstariwabluu

Angalia 2019–20. Msimu ulikatwa na korona, alicheza mechi 71, akapata mabao 43 na asisti 67, jumla 110. Aliongoza ligi. Kuanzia mwisho wa Desemba kocha alimtenganisha na McDavid, akamweka senta (mshambuliaji wa kati) wa mstari wake mwenyewe, yaani watatu wa mbele, pamoja na Ryan Nugent-Hopkins na Kailer Yamamoto. Mstari ule ulikuwa wa moto kweli kweli. McDavid alipoumia Februari, Draisaitl aliendelea kufunga. Mwisho wa msimu alichukua tuzo tatu: Art Ross ya pointi nyingi, Hart ya mchezaji wa thamani zaidi, na Ted Lindsay ambayo wapigaji kura ni wachezaji wenyewe. Mjerumani wa kwanza kwa zote. Mwaka huo huo Ujerumani ikamchagua mwanamichezo bora wa mwaka, heshima ambayo mchezaji wa hoki hakuwahi kuipata.

Thamani yake kubwa ni kwamba kocha ana senta wawili wa daraja la juu kabisa. Mpinzani ana jozi moja nzuri ya mabeki. Akiiweka kwa McDavid, Draisaitl anakutana na jozi ya pili. Akibadilisha, kinyume chake. Unapokuwa nyuma kwa bao moja, unawaunganisha wote wawili kwa dakika kumi za mwisho.

Ongeza na kugombea kisahani pale mwamuzi anapokiangusha: anashinda zaidi ya nusu, na kwenye pawaplei hilo ni dhahabu. Ukishindwa kugombea, mpinzani anakirusha mbali na unapoteza sekunde 20 kati ya 120.

PembeKali

Pawaplei ndiyo fani yangu, niacheni niandike kirefu.

Msimu wa 2022–23 Oilers walifunga kwenye asilimia 32.4 ya pawaplei zao. Ni rekodi ya ligi. Iliyokuwepo ilikuwa ya Montreal 1977–78, asilimia 31.9. Draisaitl peke yake alifunga mabao 32 ya pawaplei kati ya mabao yake 52. Rekodi ya mtu mmoja ni 34, ya Tim Kerr tangu 1985–86.

Anasimama wapi? Wapigaji wengi hukaa juu ya duara la pembeni, mbali na goli, wapate nafasi ya kuvuta gongo. Yeye anashuka chini ya duara la kulia, karibu kabisa na mstari wa goli. Anapiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo akiwa upande wa kulia kibao chake kinaelekea katikati ya uwanja na pasi inamkuta wazi. Anapiga bila kutuliza.

Mtu akiangalia kwa jicho la soka atasema pembe ile ni mbaya, goli halionekani. Goli lina upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22, kutoka pale unaona kipande chembamba tu. Lakini fikiria kipa. McDavid ana kisahani upande wa kushoto, kipa amebana mlingoti wa kushoto. Pasi ikikata katikati, kipa anapaswa kuteleza kutoka mlingoti hadi mlingoti akiwa chini kwa magoti. Akifika, mwili bado unasogea, bega liko chini. Kipande chembamba kilichobaki juu ya bega kwenye mlingoti wa karibu ndicho Draisaitl anachokilenga. Kadiri anavyoshuka chini, ndivyo pasi inavyomlazimisha kipa kugeuka zaidi, si kusogea tu.

Kinachoharibika: pasi ikichelewa nusu sekunde, kipa amefika na pembe yote imefungwa. Pasi ikija nyuma ya mguu, hawezi kupiga, inabidi atulize na shambulio linaanza upya. Na beki akilala barafuni na gongo lake sambamba na pasi, njia imekufa.

Wapinzani wajanja walimshusha mtu mmoja karibu yake muda wote. Sasa wanabaki watatu kulinda wanne. Zach Hyman yuko mbele ya kipa, Nugent-Hopkins katikati, na Evan Bouchard juu baada ya Tyson Barrie kuuzwa Nashville. Ukimfunga mmoja umemfungua mwingine. Namba zile zilitoka kwenye nafasi hizo tano, hazikutoka kwa nguvu za kupiga.

Nairobi_Kibao

Wadau salamu kutoka Nairobi. Hapa tuna vijana wa timu ya hoki ya Ice Lions wanaofanya mazoezi kwenye barafu ya hoteli ya Panari, na Kenya iliingia shirikisho la dunia, IIHF, mwaka 2024. Kuna kijana anataka gongo "kama la Draisaitl". Naomba maelezo ya kweli: kibao chake kikoje, na kinamfaa anayeanza?

mstariwabluu

Ndugu, kibao cha Draisaitl kinajulikana kwa mambo mawili: ni kipana kuliko cha wengi, na karibu hakina mkunjo. Kanuni ya NHL inaruhusu mkunjo hadi sm 1.9 na kimo cha kibao kati ya sm 5.08 na 7.62. Wafungaji wengi husogea karibu na mwisho wa mkunjo kwa sababu kisahani kinapanda haraka. Yeye amekwenda upande mwingine.

Sababu ni pasi ya upande wa mgongo wa kibao. Kibao chenye mkunjo mkubwa, mgongo wake umebinuka nje. Kisahani kinaviringika na kutoka ovyo. Kibao bapa kinakupa nyuso mbili sawa. Ndiyo maana Draisaitl anaweza kutoa pasi ya mita 20 kwa mgongo wa kibao, ikaruka juu ya magongo ya mabeki wawili na kutua bapa. Hasara yake: ukiwa karibu na kipa ni vigumu kukinyanyua, inabidi viganja vifanye kazi hiyo.

Kwa anayeanza, kibao bapa au chenye mkunjo mdogo ni kizuri sana, kwa sababu kinamlazimisha kujifunza pande zote mbili. Upana usimshughulishe.

Muhimu zaidi ni vipimo vingine. Urefu: akivaa viatu vya barafu, gongo lifike kidevuni, bila viatu, puani. Ugumu wa mpini: chukua uzito kwa pauni, gawa kwa mbili. Kijana wa kilo 60 ni pauni 132, kwa hiyo atafute namba 65 hivi. Ukikata mpini unakuwa mgumu zaidi, basi ukijua utakata sana, anza na namba ya chini. Pembe ya mpini na kibao: funga utepe mpya, acheze mara mbili, kisha kagua ulipolika. Umelika kisiginoni, namba ya pembe ni kubwa mno, anahitaji ya chini. Umelika kidoleni, kinyume chake. Ukilika katikati, usiguse kitu.

Nairobi_Kibao

Shukrani sana. Namba ya mpini tulikuwa tunampa 85. Sasa naelewa kwa nini lilikuwa halipindi.

Kahawa_na_Barafu

Mimi naomba turudi kwenye njia, maana Draisaitl si kielelezo pekee tena. Walimfuata wawili kutoka Mannheim hiyo hiyo ambao hawakwenda ligi za vijana za Kanada kabisa.

Moritz Seider alicheza DEL, ligi kuu ya Ujerumani, akachukua ubingwa na Adler Mannheim 2019, Detroit wakamchagua wa sita. Kwa kuwa hakutoka ligi za vijana za Kanada, ile kanuni ya kutopelekwa AHL haikumbana: akiwa na miaka 18 alikuwa Grand Rapids akicheza na watu wazima. Kisha msimu mmoja Sweden, klabu ya Rögle. Alipoingia Detroit 2021–22 alichukua tuzo ya Calder ya mchezaji bora mpya. Tim Stützle naye alicheza DEL msimu mmoja, pointi 34 katika mechi 41, Ottawa wakamchukua wa tatu mwaka 2020, sawa na Draisaitl.

Ugumu wa njia ya DEL ni nafasi. Kwa miaka mingi klabu iliruhusiwa leseni 11 za wageni, na tisa kati yao kucheza mechi moja. Wengi ni Wakanada na Wamarekani wanaopewa pawaplei na mistari miwili ya juu. Kijana wa miaka 17 anapata dakika sita kwa mechi mstari wa nne. Mannheim waliwapa Seider na Stützle dakika za kweli. Si kila kocha anafanya hivyo.

Na kuna Dominik Kahun, rafiki wa Draisaitl waliocheza pamoja ujanani Mannheim. Alikwenda Kanada pia, Sudbury, lakini hakuchaguliwa na timu yoyote ya NHL. Akarudi München, akakua, akabeba medali ya fedha ya Olimpiki 2018, ndipo Chicago wakamsaini. Msimu wa 2020–21 akawa Edmonton na Draisaitl. Miaka mitatu ya NHL, kisha Bern, Uswisi. Mzazi akimuuliza kocha achague njia gani, aanze kwa kuuliza mtoto atapata dakika ngapi.

Tanga_Senta

Hiyo fedha ya 2018 Draisaitl hakuwepo, sivyo?

Kahawa_na_Barafu

Hakuwepo. NHL haikusimamisha ligi, hivyo kocha Marco Sturm alikwenda Pyeongchang na wachezaji wa DEL. Waliwatoa Sweden na Kanada, wakafungwa fainali 4-3 kwenye muda wa nyongeza na Warusi. Kwenye mashindano ya dunia, Draisaitl huichezea Ujerumani Oilers wakishatolewa. Mwaka 2017 walitolewa na Anaheim kwenye mchezo wa saba, akapanda ndege hadi Köln alikozaliwa, kwenye mashindano ya dunia, wakatoka robo fainali 2-1 dhidi ya Kanada.

PembeKali

Kombe la Stanley, ubingwa wa NHL, ndilo deni. Mechi zake za mtoano ni za ajabu. Mwaka 2022 aliteguka kifundo cha mguu sehemu ya juu, kwenye kano zinazoshika mifupa miwili ya mguu. Jeraha hilo linauma hasa unaposukuma barafu kwa pembeni na unapogeuka ghafla. Kwa kawaida ni wiki kadhaa za kupumzika. Alicheza, na dhidi ya Calgary alipata pointi 17 katika mechi tano, 15 zikiwa asisti. Alijua hawezi kukimbia, akawa anapokea, anampa beki mgongo, anasambaza. Jumla alimaliza na 32 katika mechi 16.

2024 walifika fainali, wakafungwa na Florida mchezo wa saba. 2025 fainali tena, Florida tena, mchezo wa sita. Msimu huo alikuwa amefunga mabao 52 katika mechi 71 na kuchukua tuzo ya Rocket Richard ya mfungaji bora. Kwenye mtoano alifunga mabao manne ya muda wa nyongeza, rekodi kwa mwaka mmoja. Mawili kati ya hayo yalikuwa kwenye fainali yenyewe.

Mwanza_29

Nimeshawishika. Mechi zao huku kwetu ni saa ngapi?

Barafu_Kavu

Mechi nyingi za nyumbani Edmonton huanza saa 1 usiku kwao. Majira ya baridi tunawatangulia saa 10, kwa hiyo ni saa 11 alfajiri Dar na Nairobi. Wakishasogeza saa zao mbele mwezi Machi, inakuwa saa 10 alfajiri, na mtoano wote huchezwa katika majira hayo. Vipindi vitatu vya dakika 20 pamoja na mapumziko huchukua saa mbili na nusu hivi. Ukiwa na muda mfupi, angalia pawaplei ya kwanza na umtazame 29 kabla pasi haijatoka, uone anavyoshuka.